Kabla ya Kuuliza Kamera, Uliza Betri

Ukiingia soko la Bosnia pale Ifo, utakuta kibanda cha kuchajia simu kabla hujakuta maji baridi. Ndani kuna meza ndefu, nyaya zimepishana juu yake, na simu thelathini, arobaini hivi zimelala, kila moja imebandikwa namba kwa karatasi. Mwenye kibanda anakupa kipande chenye namba yako, unaenda zako, unarudi baada ya saa mbili tatu, unalipa, unachukua simu. Ni biashara safi, na bila hiyo watu wengi sokoni wangekuwa gizani.

Siku moja tulikuwa hapo kwa kazi yetu ya kawaida, kuwaeleza wateja jinsi ya kujikinga na matapeli wa pesa za simu. Tukakaa na mama mmoja anayeuza nyanya, vitunguu na maziwa ya ngamia. Wakaja vijana wawili wanaofanya manunuzi ya harusi. Walitaka kreti mbili za nyanya na vitunguu vya kutosha, mauzo ambayo mama hangeyaona tena wiki hiyo. Pesa taslimu hawakuwa nayo, walitaka kulipa kwa simu. Na simu ya mama ilikuwa kibandani, namba 27. Alimtuma mtoto mbio, mtoto akarudi na jibu kwamba ndiyo kwanza imeanza kushika moto.

"Hooyo, tutakuonyesha meseji kwa simu yetu," mmoja akamwambia. Mama akakataa. Wakangoja dakika kama kumi, wakaangaliana, wakaenda kwa jirani.

Mama alifanya sawa kabisa. Sisi wenyewe ndio tumekuwa tukimwambia kila mara asiamini meseji iliyo kwenye simu ya mtu mwingine, asitoe mzigo mpaka aone pesa kwa laini yake. Alifuata somo letu na akapoteza mauzo mbele ya macho yetu. Tulipomuuliza hiyo simu inakaa na chaji kwa muda gani, alisema haifiki adhuhuri. Aliinunua kwa sababu muuzaji alimwambia ina kamera tatu nyuma.

Tangu siku hiyo tumebadilisha kidogo tunachowaambia watu. Hapo awali mteja akituuliza anunue simu gani, tulikuwa tunamjibu kwa adabu kwamba sisi si wauza simu. Sasa tuna msimamo: kama simu yako ndiyo mfuko wako wa pesa, na unaishi mahali ambapo chaji unainunua, basi anza na betri, halafu nafasi ya kuhifadhi, na mengine yote yaje nyuma. Tunajua msimamo huu hauuzi mabango. Wengine wetu tumesomea masoko chuoni, tunajua vizuri kwa nini bango linaonyesha kamera na halionyeshi betri. Kamera inapendeza. Betri ni kitu cha mstatili mweusi ambacho hakuna anayekipiga picha.

Hebu tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu hushtuka. Ifo haina stima ya kila nyumba. Umeme unatoka kwa jenereta za watu binafsi na sola, kwa hiyo wengi hulipia kila chaji. Tuseme kibanda cha kwenu kinatoza shilingi 20. Badilisha namba hiyo kama yenu ni tofauti, hesabu ni ile ile. Simu inayotaka chaji kila siku itakula shilingi 7,300 kwa mwaka. Simu inayokaa siku mbili itakula kama 3,650. Tofauti ni shilingi 3,650 kila mwaka, na hizo zinatoka kidogo kidogo hadi huzioni.

Sasa linganisha. Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipozinduliwa, simu yake ya 4G ya bei ya chini ilitangazwa kwa shilingi 7,499. Yaani mtu anayechaji kila siku kwa shilingi 20 analipa kibandani karibu bei ya simu nzima kila mwaka. Kwa hiyo muuzaji akikuambia simu fulani ni nafuu kwa elfu moja, muulize betri yake. Huenda hiyo elfu moja ukairudisha kibandani kabla ya miezi minne.

Hiyo ni hesabu ya pesa. Kuna hesabu nyingine inayotusumbua zaidi, sisi kama watu wa malipo. Kila ukiacha simu kibandani, umeacha mfuko wako na mtu mwingine kwa saa mbili tatu. Mwenye kibanda ni mtu mzuri, tunaamini hivyo, lakini pale mezani wanapita watu wengi. Tumeona simu zisizo na neno la siri la kufungua skrini. Tumeona simu yenye karatasi nyuma, na kwenye karatasi imeandikwa PIN ya pesa, eti mwenyewe asisahau. Tumeona pia watu wanaomwachia mwenye kibanda PIN ili awatolee pesa wakiwa shughulini. Walal, hapana. Hapo hata sisi hatuna la kukusaidia, maana mfumo ukishapokea PIN sahihi unaamini ni wewe.

Kwa hiyo simu inayokaa siku mbili au tatu inakupunguzia mara unazoiacha mikononi mwa watu. Mara 365 kwa mwaka zinakuwa 180 hivi. Na ukiiacha, toa laini yako uende nayo. Ni kitendo cha nusu dakika, unahitaji kapini tu. Kama hutaki kuitoa, nenda kwenye mipangilio ya usalama uweke PIN ya laini yenyewe, ile inayoulizwa simu ikizimwa na kuwashwa au laini ikihamishiwa simu nyingine. Angalizo: ukikosea mara tatu laini inajifunga na kutaka namba ya PUK, kwa hiyo usikisie.

Jambo hili ni zito zaidi kwa Ifo kuliko kwa Nairobi. Wateja wengi hapa wanatuambia laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, rafiki au jamaa, wengine hata hawakumbuki vizuri ni nani. Laini kama hiyo ikipotea na simu, kuirudisha kunamtaka yule mwenye kitambulisho. Kama amehamia Garissa au Eastleigh, au hampatani tena, pesa zako zimekaa mahali unapopaona lakini hupafikii. Laini iliyo kwa jina lako ni bora kuliko simu yoyote tutakayoitaja hapa, na kama karatasi zako zinaruhusu, hilo lifanye kwanza.

Sasa, betri yenyewe unaichaguaje? Tafuta namba yenye herufi mAh kwenye boksi au chini ya betri. Simu janja nyingi mpya za bei ya chini siku hizi zina 5,000. Chini ya 4,000 kwa mtu wa Ifo, sisi tungeiacha. Lakini namba peke yake haitoshi. Simu mbili za 5,000 zinaweza kutofautiana kwa nusu siku, kwa sababu ya skrini kubwa inayong'aa, laini mbili zinazotafuta mtandao kwa pamoja, na umbali wako na mlingoti. Mtandao ukiwa hafifu simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Ukiwa mahali ambapo 4G inakuja na kwenda, ishushe hadi 3G au 2G. Meseji ya pesa haihitaji 4G.

Simu zilizotumika, zile zinazoitwa ex-UK au ex-Dubai, ndizo zinatutia wasiwasi. Muuzaji atakupa chapa kubwa kwa bei ndogo na anaweza asiseme uongo hata kidogo, lakini betri ya lithiamu huchakaa kwa idadi ya chaji. Baada ya mamia kadhaa ya kuchajiwa kutoka sifuri hadi mwisho, inabaki na sehemu tu ya uwezo wake wa kwanza, na simu iliyokaa miaka mitatu kwa mtu mwingine imeshapita hapo. Kabla ya kulipa, angalia asilimia ya chaji, cheza video dakika kumi na tano hapo hapo dukani, angalia tena. Ikishuka asilimia kumi, rudisha na ushukuru. Muuzaji akikasirika kwa sababu umekaa dakika kumi na tano, hilo nalo ni jibu.

Na joto. Watengenezaji wengi wanashauri simu itumike pasipozidi nyuzi joto 35 hivi. Garissa Februari na Machi tunapita hapo bila kujaribu, na ndani ya nyumba ya mabati ni zaidi. Joto huzeesha betri haraka, na simu nyingine hukataa kabisa kushika chaji zikiwa za moto. Tumeona watu wakitandaza sola juani na simu ikiwa juu ya sola yenyewe. Paneli inataka jua, simu inataka kivuli. Waya mrefu ni shilingi chache tu. Kwa wanaofikiria sola ya nyumbani: betri ya mAh 5,000 ni kama wati 19 kwa saa moja, kwa hiyo paneli ndogo ya wati 10, ambayo kwa kweli hutoa sita au saba, itaijaza kwa saa tatu hadi nne za jua zuri. Jua zuri hatujawahi kulikosa.

Pawabanki je? Ni kitu kizuri, ila soma kwa makini. Ile ya 10,000 haitajaza simu ya 5,000 mara mbili. Nguvu nyingine hupotea njiani kwa joto na kwa kubadilisha umeme, inakubakishia kama 6,000 hivi, yaani mara moja na kidogo. Na ukiona pawabanki nyembamba kama sabuni imeandikwa 50,000, hiyo namba imeandikwa na mtu wa kuchapisha stika.

Tuje kwa nafasi ya kuhifadhi. Hapa inabidi tukiri kosa letu.

Mwalimu mmoja wa Ifo alikuja mezani kwetu akiwa amekasirika sana. Ndugu yake alimtumia pesa za matibabu ya mtoto, na programu yetu ilikuwa inamwambia aisasishe kwanza. Akijaribu kusasisha, simu inasema hakuna nafasi. Alifikiri tumemfungia akaunti. Alitufokea mbele ya watu, na hatukuwa na neno. Simu yake ilikuwa ya GB 32. Mfumo wa simu wenyewe ulikuwa umekula karibu nusu, na iliyobaki ilijaa video za WhatsApp: mawaidha, harusi, siasa za Mogadishu, na ile video moja ya ngamia kwenye lori ambayo nadhani kila mtu wa kaunti hii ameipokea mara sita.

Tulimwonyesha kwamba angeweza kuona salio na kutoa pesa kwa namba ya nyota bila programu yoyote. Hakuijua tena. Miaka miwili tulikuwa tumemsukuma apakue programu, tukampa bando la bure kwa ajili hiyo, hadi njia ya zamani ikamtoka kichwani. Hilo ni letu. Programu ni rahisi, inaonyesha jina la unayemtumia vizuri, inakuwekea kumbukumbu, na bado tunaipenda. Lakini namba ya nyota haili nafasi, haihitaji bando, na inafanya kazi hata kwa kabambe. Wateja wa M-PESA wana *334#. Ng'ambo ya mpaka, EVC Plus ya Hormuud inabeba biashara ya Somalia kwa dola, na watu wanalipa hadi kikombe cha chai kwa kubofya nyota na namba. Iandike namba ya huduma unayotumia kwenye daftari, mahali utakapoiona simu ikigoma.

Kwa simu janja mpya, GB 64 ndiyo tungeita mwanzo. GB 32 itafanya kazi miezi sita ya kwanza, halafu itaanza kukusumbua. Na simu ikijaa kabisa, zingine hukataa hata kupokea meseji mpya, na meseji ndiyo risiti yako.

Kuna ujanja mmoja wa boksi unaotukera. Utaona imeandikwa RAM ya GB 8, na pembeni kwa maandishi ya sisimizi, 4+4. Hiyo nne ya pili si RAM ya kweli, inakopwa kutoka kwenye nafasi yako ya kuhifadhi. Kwa hiyo ukiiwasha kwenye simu ya GB 64, umejinyang'anya GB 4 mwenyewe. Si wizi, imeandikwa pale pale. Lakini muuzaji husoma nane kwa sauti, na hiyo nne husomi mpaka ufike nyumbani.

Memori kadi inasaidia, ila si kwa kila kitu. Picha na video za kamera zitaenda huko. Programu nyingi hazitaenda, na mafaili ya WhatsApp kwenye Android hukaa ndani ya simu. Kwa hiyo dawa ya WhatsApp ni kuzima upakuaji wa moja kwa moja: mipangilio, hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye picha, sauti, video na hati. Utachagua mwenyewe unachofungua. Bando nalo litakaa zaidi.

Vijana watatuambia tunaongea kama wazee. Mmoja alituambia hivyo hivyo pale Dagahaley: yeye anapiga picha za harusi kwa simu, kamera ndiyo shamba lake. Tunakubali, kabisa. Kama kamera inakuingizia pesa, inunue, ila jua kwamba video hula betri na nafasi kwa wakati mmoja, kwa hiyo wewe ndiye unahitaji GB 128 na pawabanki kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi anayesoma kwa mtandao naye ana hesabu yake. Tunayemlenga hapa ni yule ambaye simu yake inafanya kazi tatu: kupokea pesa, kutuma pesa, kuongea na jamaa walio mbali. Na hao ndio wengi wa wateja wetu.

Swali tunaloulizwa sana siku hizi ni simu za mkopo, za kulipa kidogo kidogo kila siku. Zimewafikisha wengi kwenye simu janja ambazo hawangeweza kununua kwa mara moja. Soma mambo mawili. Jumla utakayolipa hadi mwisho ni ngapi ukilinganisha na bei ya taslimu, na nini hutokea usipolipa. Nyingi hujifunga. Simu ikijifunga siku ambayo msaada wa chakula umeingia au ayuuto imekuangukia, usikate tamaa: pesa zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti ya laini. Toa laini, weka kwenye kabambe yoyote, piga namba ya nyota, endelea.

Ndiyo maana tukiulizwa mpango gani ni bora kwa mfanyabiashara wa soko, jibu letu huwashangaza watu: simu mbili. Kabambe yenye laini ya biashara, ambayo betri yake ya mAh 1,000 hukaa siku kadhaa, na simu janja ya wastani kwa WhatsApp na mengine. Kabambe haina kamera tatu. Haina nafasi ya kujazwa na video za WhatsApp. Betri yake inatoka, kwa hiyo unaweza kuacha betri peke yake kibandani na kutembea na laini yako mfukoni. Tunajua kampuni ya malipo kumwambia mteja arudi kwa kabambe si kitu cha kawaida. Mkubwa wetu mmoja aliposoma rasimu hii aliuliza kama tuna uhakika. Tuna uhakika.

Yule mama wa nyanya tulimpitia tena baadaye. Hajanunua simu mpya, alisema pesa hiyo ina kazi nyingine. Alichofanya ni kuchukua kabambe ya zamani ya mume wake, akanunua betri mpya, akahamishia laini ya biashara humo. Inaning'inia shingoni kwa kamba. Ile ya kamera tatu anamwachia binti yake jioni, na mchana bado inaenda kibandani. Tulipofika ilikuwa namba 14.